Nyusi za Dada wa Mwaloni: picha ya simu, kopo la mkorogo na siku kumi na tisa

Simu ilikuwa na picha ya msichana mwenye nyusi nene, kila unywele umelala peke yake kama umechorwa kwa kalamu ya ncha nyembamba. Aliyeileta ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, umri wake miaka 36. Nitamwita Dada wa Mwaloni. Ameniruhusu nieleze kisa chake mradi jina lake lisitajwe, na akacheka akasema hata hivyo wenzake watamjua tu. Alikuja Jumanne saa tano asubuhi, magamba ya dagaa bado yanang'aa kwenye mkono wake wa kulia, akaweka simu juu ya meza yangu ya saluni na kusema maneno manne: “Dada, nataka hizi. Leo.”

Sendofu ya mdogo wake, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ilikuwa baada ya siku 19. Yeye ndiye dada mkubwa wa familia, ndiye wa kumshika bibi harusi mkono kuingia ukumbini, na kamera zote zingekuwa usoni kwao. Mkobani alikuwa na shilingi 250,000 alizozitenga kwa kazi hiyo. Wateja wa namna hii ninapata wengi, na zamani ningemlaza kitandani siku ileile. Siku hizi picha huwa naiangalia mwisho. Kwanza naangalia ngozi, halafu namuuliza mtu anafanya kazi gani, halafu nahesabu siku.

Kinachoitwa “tatuu ya nyusi” mitaani ni vitu viwili tofauti, na yeye hakujua anataka kipi. Maikrobledingi hufanywa kwa mkono. Kuna kishikio kama kalamu, mbele yake kumepangwa sindano nyembamba sana katika mstari mmoja, na mstari ule hukata ngozi kidogo na kuacha rangi ndani, mkato mmoja kwa unywele mmoja. Poda hufanywa kwa mashine ya sindano moja inayodonoa haraka, ikaacha vidoa vidogo mno ambavyo kwa mbali vinaonekana kama mtu amepaka wanja laini. Yote mawili yanaweka rangi juu juu ya ngozi ya ndani, na yote mawili hufifia, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu, ingawa kivuli kinaweza kubaki zaidi. Bibi mmoja wa Magu aliyemleta mjukuu wake kwangu alitazama kile kishikio akauliza, “Kwa hiyo mnawachanja chale usoni?” Nilijibu ndiyo bibi, ni chale zenye rangi. Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Nilimkalisha dirishani. Taa ya kioo huficha mengi, jua la saa tano halifichi kitu. Nikafuta wanja kwa mafuta na pamba. Chini yake kulikuwa na nyusi zilizoanza vizuri puani, nywele laini za kutosha, kisha zikakatika ghafla kwenye kilele. Kutoka hapo kwenda sikioni hakukuwa na kitu, ngozi tupu inayong'aa. Unyusi wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa karibu upana wa punje ya mahindi.

Akaniambia historia. Alianza kung'oa kwa kibano akiwa sekondari, miaka ile wasichana wote walitaka nyusi nyembamba kama uzi, akaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Baadaye akahamia kwenye wembe kwa sababu ni haraka. Wembe wenyewe hauna kosa hapa. Hukata unywele usawa wa ngozi tu, hauuongezi wala haupunguzi, hata kama mashosti wanaapa kwamba unazifanya kuwa nene. Kibano ndicho kilichong'oa shina tena na tena mpaka mengine yakachoka kabisa. Alikuwa pia akipaka mafuta ya nyonyo kila usiku kwa miezi minne. Mafuta yale yanalainisha nywele zilizopo. Shina lililokufa halifufuki kwa mafuta.

Lakini mkia wa unyusi ukipotea, nimejifunza kutofunga kesi haraka. Tezi ya shingo ikifanya kazi kwa uvivu, sehemu ya nje ya nyusi inaweza kupukutika. Ukoma nao hula nyusi kuanzia mkiani, na wazee wetu walilijua hilo kabla ya saluni kuwepo. Nikamuuliza kama ana baka lolote mwilini lililopauka ambalo halisikii akiguswa. Hapana. Unene umeongezeka bila sababu? Hapana. Unasikia baridi wenzako wakiwa na joto? Akacheka, Mwanza gani hiyo. Unachoka? “Dada, nani asiyechoka Mwaloni?” Jibu zuri, ila halitoshi, nikaandika kwenye daftari langu kwamba akapime damu.

Kisha tishu. Nilimfuta uso, nikamwacha anywe chai kwa saa moja, nikabandika karatasi ya tishu kwenye paji na juu ya nyusi. Ilitoka na mabaka ya mafuta unayoweza kusomea gazeti ukiinua kwenye mwanga. Hapo maikrobledingi ilikuwa imeshaanza kupoteza alama. Kwenye ngozi ya mafuta ile mikato haibaki mikato. Inatanuka, inagusana, na baada ya miezi unabaki na ukungu wa kijivu mahali ulipolipia nywele. Nina mteja mmoja ambaye nilimfanyia hivyo mwanzoni mwa kazi yangu, na kila nikikutana naye sokoni macho yangu huenda kwenye nyusi zake kabla ya kumsalimia.

Sikuwa nimemaliza. Mashavu yake yalikuwa meupe kuliko shingo, na kwenye mwanga ule niliona vimishipa vyekundu vyembamba kama nyuzi za buibui. Nikamwomba anipe mikono. Viungo vya vidole vilikuwa vyeusi tii.

“Unapaka nini, mdogo wangu?”

Akanyamaza kidogo, akafungua mkoba, akatoa kopo lisilo na maandishi na tyubu moja iliyokunjwa mpaka shingoni. Kopo ni mkorogo wa kuchanganyiwa sokoni, hakuna anayejua kilichomo. Tyubu ilikuwa na maandishi madogo, nikayasoma kwa simu nikikuza picha: klobetasoli asilimia 0.05.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo kisa chote kilipogeukia. Klobetasoli ni dawa, tena kali kuliko karibu zote za kundi lake za kupaka. Daktari humwandikia mwenye ugonjwa wa ngozi apake kwa muda mfupi, na usoni huwa wanaiogopa. Kipodozi siyo. Tangu 2019 vipodozi viko mikononi mwa TBS, shirika la viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliyokuwa TFDA, lakini mezani sokoni tyubu hiyo hukaa katikati ya losheni na sabuni kana kwamba ni ndugu zao. Inang'arisha ngozi, ndiyo, na huku inaikonda. Ngozi iliyokonda kwa dawa hii ni kama karatasi ya kufungia vitumbua. Ukipitisha sindano, rangi inazama zaidi ya ulivyokusudia na kutambaa pembeni, damu inatoka kirahisi, kidonda kinachelewa kufunga na wadudu wanapata mlango. Rangi iliyozama sana kwenye ngozi yetu hugeuka bluu ya kijivu, na hiyo hata wanja haiifichi vizuri. Wanaotegemea kuifuta kwa leza wajue kwamba rangi nyingi za nyusi zina madini ya chuma, na hayo yakipigwa leza yanaweza kuwa meusi zaidi badala ya kufifia, bila kusahau mabaka ambayo leza yenyewe huweza kuacha kwenye ngozi nyeusi.

Alikuwa akiipaka miaka mitatu. Uso, shingo, mikono, kila kitu.

Mengine yalikuwa mazuri. Masikio ametoboa mara mbili, hakuna kovu lililovimba. Kovu la chanjo begani limelala bapa. Hilo huwa naliangalia kwa kila mteja, kwa sababu sisi watu weusi tunavimba makovu kuliko wengine na bega husema ukweli mapema. Hana sukari, hana mimba, hanyonyeshi, hatumii dawa ya kuyeyusha damu.

Nikachukua kalenda ya ukutani na kalamu. Siku 19. Nyusi za kuchanjwa, ziwe za mikato au za poda, siku tatu za kwanza huwa nyeusi mno, mtu anaonekana amekasirika. Kuanzia kama siku ya nne au ya tano zinabanduka vipande vipande. Wiki ya pili rangi inaonekana imepotea, mtu anadhani ameibiwa. Inarudi taratibu kuelekea wiki ya nne, na wiki ya sita hadi ya nane unarudi kujaziwa palipokataa. Maana yake siku ya sendofu ingemkuta katikati ya kupauka, hata kama ngozi yake ingekuwa ya mtoto mchanga. Anayetaka nyusi hizi kwa ajili ya sherehe aje miezi miwili kabla, na zaidi kama anaweza.

Nikamwambia hapana. Si leo, na maikrobledingi pengine si kamwe kwake.

Hakupenda. “Nimekuja na hela yangu,” alisema, na ile sauti ya kuuza dagaa kwa Wakongo ikatoka yote. Nikamwonyesha njia nyingine, moja moja. Kunyoosha nywele kwa dawa, wanaita laminesheni, nilipita haraka. Ile ni kemikali ya jamii moja na ya kuweka nywele kalikiti, inazisimamisha na kuzilaza unavyotaka kwa wiki nne hadi nane, ila lazima nywele ziwepo. Huwezi kunyoosha kisichoota.

Hina ndiyo aliyoitaka baada ya hapo. Rafiki yake alikuwa nayo, imeshika kwenye ngozi wiki nzima. Hina ya kweli, majani ya mhina yaliyosagwa, hutoa rangi ya chungwa inayokwenda kwenye wekundu wa udongo. Haijapata kuwa nyeusi. Ukiona hina nyeusi inayoshika kwa dakika kumi, ujue kuna kitu kingine ndani, na mara nyingi kitu hicho ni kemikali inayoitwa PPD, ileile ya kwenye piko na rangi nyingi za nywele. Nalijua hili kwa aibu. Mwaka 2018, nikiwa bado mgeni kwenye kazi, nilimpaka mama mmoja rangi nyeusi kwenye nyusi nikiamini ni hina kwa sababu muuzaji aliiita hina. Usiku wake kope zilivimba mpaka jicho moja likaziba, nyusi zikatoa maji kwa siku nne. Alipona, akabaki na alama iliyopauka juu ya jicho la kulia. Mpaka leo hawezi kupaka rangi yoyote ya nywele, maana mwili ukishaikataa PPD, kwa kawaida huikataa maisha. Sikumlipisha, na nilimlipia hospitali, lakini alama ile bado iko usoni kwake.

Kwa hiyo hina na rangi ya nywele za nyusi siweki bila kujaribu kwanza nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko na kusubiri saa 48. Kwa Dada wa Mwaloni jaribio hilo lingenidanganya. Ngozi iliyolewa klobetasoli hunyamaza. Ile dawa inazima mwasho na wekundu, hivyo sehemu aliyokuwa akiipaka ingeweza kutulia leo na kulipuka akishaiacha. Yeye alikuwa ameipaka kila mahali ambapo ningejaribia. Jibu safi lisingekuwa na maana yoyote kwangu.

Kilichobaki ni uzi na wanja. Akainuka, akachukua simu yake, akaondoka bila kuniaga.

Alirudi Alhamisi. Alikuwa amekwenda saluni nyingine mjini, wakamwambia kitanda kiko wazi, alale. Alipogeuza kichwa akaona kile kisu cha maikrobledingi kinatolewa kwenye kikombe cha spiriti kilichokuwa na vingine vitatu. Akauliza kama ni kipya, akajibiwa kimesafishwa. Akasema anakwenda kupokea simu nje, hakurudi ndani. Katika kisa hiki chote, uamuzi bora kuliko yote aliufanya yeye mwenyewe, peke yake, akiwa na hasira na mimi. Spiriti haiui kila kitu kwenye chuma kilichopita kwenye damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na bado kikaambukiza. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu 2002, kwa hiyo watu wa umri wake na wangu wengi hatukuipata utotoni. Sindano za kazi hii ni za mtu mmoja. Mteja anatakiwa aone pakiti ikifunguliwa mbele ya macho yake na aone sindano ikitupwa kwenye boksi la vyenye ncha kali. Vyombo vya chuma vinavyorudiwa viingie kwenye mashine ya mvuke, nyuzi joto 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kikombe hakimo.

Tukaelewana. Siku mbili kabla ya sendofu nilimtinda kwa uzi, juu na katikati tu, kwa sababu kutoa chini kungefanya kidogo alichonacho kiwe kidogo zaidi. Kwa ngozi ile nilikataa nta kabisa, ingeondoka na ngozi. Siku yenyewe nilimpaka mwenyewe. Penseli ya kahawia iliyokolea, siyo nyeusi. Wanja mweusi tii juu ya uso uliong'arishwa ndio unaofanya mtu aonekane amebandikwa nyusi za mwenzake. Nilianza mkiani, mahali pasipo na kitu, vijistari vifupi vinavyoelekea juu na nje, nikafika puani na penseli iliyokaribia kuisha nguvu ili pale mbele pabaki hewa. Jeli isiyoingia maji juu yake, kisha poda kidogo. Ikakaa kuanzia saa tisa alasiri mpaka usiku wa manane, pamoja na machozi ya kumkabidhi mdogo wake. Kazi ile ilimgharimu shilingi 20,000 kati ya zile 250,000.

Wengine wangeishia hapo. Yeye alitaka bado, na sababu yake ilikuwa ya haki kabisa. Anaamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi. Wanja anaopaka saa tisa na nusu, saa tatu asubuhi umeshateremka na jasho, na akijifuta kwa kiganja chenye chumvi na magamba unabaki mstari mpaka kwenye nywele. Wanunuzi wa Burundi na Kongo wanamwita Mama Wanja. Anacheka nao, ila alivyoniambia hakuwa akicheka.

Nikampa masharti. Kwanza kwa daktari wa ngozi. Asiache ile tyubu ghafla peke yake, kwa sababu uso uliozoea dawa hiyo ukinyimwa hulipiza kwa wekundu, mwasho na vipele. Daktari akampunguzia kwa hatua, na hata hivyo wiki ya tatu alinitumia picha ya uso uliowiva kama nyanya. Wiki ile alitaka kuirudia tyubu mara mbili. Mume wake ndiye aliyeitupa, akaitupa ziwani, jambo ambalo sikulifurahia nalo. Damu alipima, tezi iko sawa. Kumbe kweli alikuwa amechoka tu.

Miezi mitatu na nusu baada ya siku ile ya kwanza ngozi ilikuwa imetulia. Viungo vya vidole bado vilikuwa vyeusi, hivyo vinachukua muda. Vimishipa vya mashavuni havikuisha vyote. Lakini ngozi ya juu ya nyusi niliishika kati ya vidole viwili ikawa na unene, na tishu bado ilitoka na mafuta. Tukachagua poda. Vidoa havitegemei ukali wa mstari, kwa hiyo mafuta ya ngozi hayana mikato ya kuharibu. Mkia wake ulikuwa mtupu, na nywele za kuchora peke yake mahali patupu huonekana kuchorwa, wakati kivuli laini kinaungana na kile anachokipaka mwenyewe kila siku. Upandikizaji wa nywele za nyusi niliutaja tu kwa ajili ya ukamilifu. Bei yake na safari yake havikuwa vya mtu wa dagaa.

Sasa tarehe. Nyusi mbichi hazitaki maji ya ziwa, jasho, moshi wala jua kali kwa siku kumi hadi kumi na nne. Mwambie mtu wa Mwaloni akae siku kumi na nne bila jasho na jua! Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kumwambia aache wazo lote. Jibu likatoka kwake. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inapanda mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kunywa pombe, na Mwaloni unapoa. “Nipe mbalamwezi,” alisema. Tukahesabu, tukaweka siku ile mitumbwi ilipopumzika. Siku chache za mwisho, giza likianza kurudi, mpwa wake angesimama mezani. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa nikipanga wateja kwa Jumamosi na mwisho wa mwezi wa mshahara, na sikuwahi kufikiria kuwapanga kwa mwezi wa angani.

Siku ya kazi ilichukua saa tatu, na saa nzima ilikuwa ya kupima. Nilinyoosha uzi uliopakwa wanja kutoka puani kupita pembe ya jicho, nikaupigisha kwenye ngozi ukaacha mstari, nikafanya hivyo mpaka uso wake ukafanana na ramani ya viwanja. Unyusi wa kushoto uko chini kidogo kuliko wa kulia, kama ilivyo kwa watu wengi, na hutakiwi kuulazimisha ulingane mpaka utoe sura nyingine. Dawa ya ganzi ya kupaka, lidokeini. Rangi nikachagua kahawia yenye joto, kiasi kidogo cha uchungwa ndani yake. Wengi hukimbilia nyeusi kwa ngozi nyeusi, lakini rangi hukaa chini ya weusi wetu wenyewe na tunaitazama kupitia humo. Nyeusi ya makaa ikififia huelekea kwenye bluu na jivu. Joto lile la rangi huisababisha izeeke kwa heshima.

Akiwa amelala aliniuliza kuhusu mama mkwe wake, ambaye ni Mwislamu wa kusali swala tano na alikuwa ameshamuuliza kama maji ya udhu yatafika. Wateja wangu Waislamu huuliza hivyo sana. Rangi iko ndani ya ngozi, juu yake hakuna utando, maji yanafika. Lakini kuchanja chale na kung'oa nyusi kuna maneno yake katika dini, na hayo siyo ya kuulizwa msusi. Nilimwambia mama mkwe amuulize shehe wake. Yeye mwenyewe ni Mkatoliki, akasema padri hajawahi kumuuliza kuhusu nyusi.

Siku ya tisa, saa kumi na moja alfajiri, simu. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika mbili na nusu, wenye neno “zimepotea” mara nyingi. Nikamwambia apake mlainisho wa ngozi kidogo, kidogo kweli, kama punje ya mchele kwa nyusi zote mbili, na asibandue kitu kwa kucha. Alikuwa ameshabandua. Kipande kimoja tu, alisema, mkiani kushoto.

Wiki ya saba alirudi. Kulia rangi ilikuwa imeshika sawasawa, hudhurungi laini, ukisimama hatua mbili hujui kama ni wanja au ni yeye. Kushoto mkiani palikuwa na doa lililokataa rangi, mahali hasa alipopeleka ukucha. Nikapadonoa upya kwa dakika ishirini, nikatupa sindano bokisini mbele yake, na yeye akahakikisha kwa macho kama nilivyomfundisha. Salio lilikuwa shilingi 30,000. Akanipa noti mbili za elfu kumi, na kwa iliyobaki akaninyooshea sado la dagaa wa Ukara, wakavu, wasio na mchanga, akaniambia nisiwaoshe mara nyingi.